Platri imetoka, mufupa umeunga, lakini mukono unawaka usiku na mchana. Niuze mashine niende Kampala?

MshonajiNdosho (Goma)

Jambo benye kuwa humu. Nisameheni nitaandika murefu, na niko naandika na mukono wa kushoto kwa hiyo makosa itakuwa mingi.

Mi nashona nguo hapa Goma, upande wa Ndosho. Wakati wa mvua nilianguka na moto, ile pikipiki. Motari alikuwa anakwepa gari, munajua haya mawe yetu ya volkano, tairi ikateleza nikajikinga na mukono wa kuume, mufupa ukavunjika pale kiganja inaungana na mukono. Bakanifunga platri, ile plasta ngumu. Toka mwanzo nilikuwa nabaambia platri inanikaza, bidole bimevimba, bananijibu vumilia mama, mufupa njo unaunga. Siku ya kutoa platri docta akaangalia radio, ile picha ya mufupa, akafurahi, mufupa umeunga muzuri kabisa.

Sasa njo shida ikaanza. Kutoka bidole mpaka karibu na kiwiko inawaka. Si kuuma ya kawaida ya kuvunjika, ile naijua. Hii kitenge ikinigusa tu naruka, ata upepo ya dirisha. Asubuhi mukono iko nyekundu na moto-moto, mangaribi inageuka bluu-bluu na baridi, kisha ule wa kushoto hauna kitu. Jasho inatoka kwa ule mukono tu. Makucha ya bidole byake inaota mbio kuliko ya kule kwingine, ngozi inang'aa, ngumi haikunjiki. Makasi siwezi kushika. Usiku nalala na mukono iko inje ya blanketi, mutoto akijigeuza kitandani naamka nikipiga kelele.

Nilirudi kule kwenye banifunga, bakanionesha tena radio eti mama mufupa iko bien, wewe unaogopa tu kuutumia. Nikaenda kwingine, docta mumoja kijana akaangalia mikono yote mbili pamoja, akaandika kwa karatasi "algodistrofi", akasema nianze kine, yale mazoezi ya kurudisha viungo. Hakueleza sana juu kulikuwa mustari murefu inje.

Nyumbani ni vita. Mama mukwe anasema hii ni karuho, ile sumu ya kutegwa, kuna mutu amenitegea juu ya wivu ya wateja, eti nipelekwe kwa muzee anatapisha batu. Shangazi anataka nisuguliwe na maji ya moto na majani. Bwana yangu yeye anasema tuuze mashine ya umeme (niko na mbili, ile ingine ni Singer ya miguu) tupande basi ya Bunagana, pale mpakani, twende Kampala.

Nauliza: hii ugonjwa ni nini kwa kweli? Inaponaka? Na mashine niuze ao nisiuze? Mwenye ameshapitia hii anisaidie, aksanti.

Motari_wa_Birere (Goma)

Pole sana dada. Lakini si motari wote wanateleza eh, mvua ikinyesha kwenye ile barabara hata mguu unateleza.

Mi nasema achana na Kampala. Kuna muzee anaunga mifupa, mi mguu wangu uliteguka akaupaka mafuta ya ng'ombe akausugua, nililia nikaita jina la mama yangu, lakini kisha siku chache nikarudi kwa kazi. Maumivu lazima yatoke kwa nguvu. Na usiku ukisikia umezidiwa chukua tramadoli, farmasi zote ziko nayo, hawakuulizi karatasi.

Kine_Bukavu

Dada pole sana. Mi ni kine, docta wa mazoezi ya viungo, nafanya kazi Bukavu, na mikono ya namna hii nimepokea mingi, wengine wakija wamechelewa sana. Sijakuona wala kukugusa kwa hiyo maneno yangu yasichukue nafasi ya docta, ila kwa yale umeandika, huyo docta kijana aliangalia vizuri. Kulinganisha mikono miwili ndiyo namna yenyewe.

Hakuna damu ya kupima wala mashine ya kusema ndio ama hapana kwa ugonjwa huu. Wataalamu walikutana Budapest mwaka 2003 wakapatana alama za kufuata, nazo ziko makundi manne: kuna kusikia, yaani maumivu yanayopita kiasi na kitu laini kuuma, kuna rangi na joto la ngozi, kuna uvimbe na jasho, halafu mwendo pamoja na ngozi, nywele na makucha. Mgonjwa akiwa na malalamiko kwenye makundi matatu, docta akaona kwa macho yake alama kwenye mawili, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi, basi ndiyo yenyewe. Wewe umetaja yote manne na hakuna mtu amekuuliza. Ndiyo maana nachukia ile ya "radio iko bien". Radio inaonesha mfupa, haioneshi mishipa ya fahamu. Kwa kweli ukirudia radio baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine mfupa unaonekana umekuwa mwepesi wenye madoa, kitu docta Paul Sudeck wa Hamburg alikiandika tangu mwaka 1900, lakini hata isipoonekana hiyo haimaanishi unajifanya.

Kwa karatasi utaona "algodistrofi" kwa kifupi algo, ama herufi SDRC, Waingereza wanaandika CRPS, yote ni ugonjwa mmoja. Unapenda kuja nyuma ya mfupa wa kifundo cha mkono kuvunjika, ama operesheni, ama hata kuteguka kadogo tu. Wanawake wanaupata mara tatu ao nne kuliko wanaume, na mkono kuliko mguu. Platri iliyokaza na mgonjwa akalalamika na asisikilizwe, hiyo ni alama tunapaswa kuichukulia kwa uzito, na hapo sitasema zaidi juu ni wenzangu.

Sasa mama mkwe. Mwambie kwa heshima, hivi: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kati ya 1861 na 1865, docta mmoja wa Philadelphia anaitwa Silas Weir Mitchell alitunza askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Jeraha limefunga, lakini mkono unawaka, ngozi inang'aa nyekundu, mtu hataki hata karatasi imguse. Kuna waliokuwa wanatembea na kitambaa kimelowa maji juu ya mkono mchana kutwa, wengine wanamwaga maji ndani ya buti. Nani alikuwa amewategea karuho kule? Na kutapishwa, dada, hakutagusa mkono, kutakutoa maji mwilini tu.

Kinachotokea ni kwamba mwili uliumia, mishipa ikapiga kelele vile inapaswa, halafu haikunyamaza. Ni mbwa wa kulinda ambaye mwizi ameshaenda zamani na yeye anaendelea kubweka hata mwenye nyumba akipita. Ubongo nao, kwa kuwa hautumii tena mkono, unaanza kuusahau, kuna wagonjwa wananiambia "huu mkono nauona si wangu", na wanaona haya kusema, wanadhani ni wazimu. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli kabisa, lakini hayamaanishi kuna kitu kinavunjika ndani kila ukiusogeza.

Ndugu Motari, mguu wako uliteguka na ungepona hata bila yale machozi. Huu ni ugonjwa mwingine. Kusugua kwa nguvu mpaka mtu analia kunaamsha huyo mbwa zaidi, sawa na maji ya moto sana, sawa na barafu, barafu ndiyo sitaki hata kuisikia. Na tramadoli ya farmasi bila karatasi, hapana. Inazoesha mwili, watu wanaanza kidonge kimoja usiku wanamaliza wakikitafuta asubuhi, na kwa maumivu ya mishipa ya fahamu kuna dawa nyingine za kujaribu kwanza.

Dada, dawa kubwa ni mwendo, mwendo wa kidogo-kidogo lakini kila siku, tena mara nyingi kwa siku. Usiufunge na kitambaa shingoni. Usiuache juu ya mto kutwa ukiuangalia. Uvimbe ukiwa mwingi uinue kupita moyo ukipumzika, halafu ushushe utumie. Anza na vile unaweza: kugusa kidole gumba na kila kidole, kukunja nusu, kushika kijiko, kusogeza nguo juu ya meza. Simama kabla maumivu hayajakulipukia na uache hapo hata kama unasikia unaweza zaidi, juu wengi siku wanasikia nafuu wanafua nguo za nyumba nzima halafu siku zinazofuata hawashiki kitu. Wewe mshonaji uko na bahati moja, vitambaa umezungukwa navyo. Anza kupitisha juu ya ngozi kile laini, hariri ama satini, dakika chache, ukiangalia mkono na macho yako, kikizoeleka unapanda pamba, kisha kitenge kipya chenye wanga, kisha taulo. Kuzoesha ngozi ni kazi ya polepole, hakuna njia ya mkato.

Hapo Goma kuna Shirika la Umoja, kile kituo cha watu wenye ulemavu, kuna kazi ya kurudisha viungo, na hospitali ya HEAL Africa wako na mambo ya mifupa. Huku kwetu Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu. Uliza kine aliyewahi kushughulikia algo, uliza waziwazi, na ukiona anakunja vidole vyako kwa nguvu mpaka unatoka machozi, vaa kitambaa chako utoke.

Kabla sijasahau: homa, usaha, mkono mzima kuvimba ghafla na kukaza, kidole kuwa cheusi ama kufa ganzi kabisa, hiyo si ya kungoja majibu ya humu, ni hospitali siku ileile, juu uchafu kwenye damu ama damu iliyoganda vinaweza kujifananisha na algo.

MamaKadutu (Bukavu)

Mwanangu nimesoma nikaona maisha yangu, tofauti yangu ni mguu. Niliteleza kwenye ngazi za Kadutu huku na beseni ya mboga kichwani, mguu ukateguka, hata haukuvunjika, na hiyo ndiyo ilifanya watu wanicheke, kuteguka tu mama unalia mwaka mzima?

Sitakudanganya, ilikuwa mbaya. Shuka haikuwa inaweza kugusa vidole. Nikakata katoni ya sabuni pande mbili nikaiweka chini ya blanketi, mguu ukakaa ndani, blanketi ikapita juu. Fanya hivyo na mkono, utalala na hutapigwa na baridi ya Goma usiku. Kiatu kilinishinda, nilivaa kambambili ya bwana yangu, kubwa, hata kwenye harusi ya dada yangu.

Kanisani nako. Mchungaji aliposikia, akaniita mbele, akashika ule mguu kwa nguvu zote za Roho, nikapiga kelele ambayo hata mimi sikuijua, na kanisa lote likaanza kushangilia pepo limetoka! Pepo gani, alikuwa amenifinya. Mpaka leo akinisalimia anakaa mbali.

Kilichonisaidia kwanza ni kulala. Docta alinipa amitriptilini, kidonge nikakikata nikaanza na kidogo sana, jioni mapema, juu ukiimeza usiku sana asubuhi unaamka umelewa. Mdomo unakauka, maji karibu. Wiki za mwanzo nilisema hii haifanyi kitu, halafu nikaona usiku naamka mara chache. Maumivu hayakutoka, yalishuka, na mtu aliyelala anavumilia kine, yule hajalala hawezi. Ukiwa na shida ya moyo mwambie docta kabla, hiyo mimi niliulizwa.

Kingine, beseni. Kine wangu alinifanya niweke mguu ndani ya mchele mkavu, nikauzungusha polepole, kisha maharagwe. Mwanzo nilikuwa natia vidole nikitoa mbio. Watoto walikuwa wanacheka mama anaogopa maharagwe.

Na bwana. Wangu alikuwa anasema kwa ndugu zake "anajifanya ili asifanye kazi". Siku moja kine akamwambia aje, akamshikisha miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Mmoja baridi kama samaki, mwingine salama. Akanyamaza. Tangu siku ile yeye ndiye alikuwa anafukuza wageni wanaotaka kunisugua. Mpeleke bwana yako kwa kine kabla hamjafika Bunagana.

Leo natembea, nauza, milima ya Bukavu napanda. Mvua ikikaribia nasikia. Mguu mzima ninao.

Wa_Katuba (Lubumbashi)

Mi niko huku Lubumbashi, mu Katuba. Dada pole, na mama wa Kadutu namushukuru, ile ya pepo imenichekesha mpaka bibi yangu anauliza niko nasoma nini.

Lakini kila mutu aseme ukweli yake. Mi tole, yaani bati, ilinikata mu garaji, hapa ndani ya mukono, mushipa ya fahamu ikakatika nusu. Banaita yangu aina ya pili, yenye mushipa umeumia kweli, ya dada ni ile ya kwanza yenye hakuna mushipa kubwa imekatika. Kine niliifanya. Dawa nilikunywa. Na mi bado niko nayo, miaka sasa. Sisemi kumuogopesha, nasema juu benye walikuwa bananiambia "itaisha, itaisha", kila mwezi haikuisha nilikuwa naona ni mi njo sijikazi.

Juu ya safari. Niliuza parsele, kiwanja yangu. Nikavuka mpaka wa Kasumbalesa, nikafika Ndola, kisha nikashuka mpaka Johannesburg kwa ndugu yangu. Kule banaeleza muzuri, bananipima mushipa, bananiandikia gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa, na kine. Gabapentini iko hata huku Lubum, na kine nilikuwa nayo nyuma ya nyumba. Banazungumuza tena kamashine yenye banawekaka karibu na uti wa mugongo inatuma umeme kidogo-kidogo ili maumivu ipungue, kisha banasema bei, nikacheka, docta naye akacheka. Kwa hiyo parsele yangu ilinunua maelezo. Maelezo ni kitu, sikatai, nilirudi nikilala juu nilijua si uchawi. Lakini unaona dada hapa umepata maelezo bule.

Kuna siku nilimuomba docta akate mukono. Kweli. Akakataa, akanieleza kukata mara nyingi haitoi maumivu, inaweza kubakia mu kisiki ama kurudia pale. Nasema hii juu najua kuna siku ya usiku wa manane utaifikiria, basi ujue jibu yake mbele.

Garaji niliacha, nauza unite za simu na kutengeneza simu, kazi ya mukono mumoja na nusu. Ule mubaya unashikilia simu, ule muzuri unafungua visi. Kine alifurahi kusikia, eti ni mazoezi.

MshonajiNdosho (Goma)

Nimelia nikisoma, lakini kilio nzuri. Aksanti sana papa kine, aksanti mama, na weye kaka wa Katuba pole sana, kumbe iko na benye wanabeba hii miaka.

Nimemusomea bwana yangu yote. Pale kwa mama wa Kadutu aliniomba mikono yote mbili, akashika, hakusema kitu, akaenda kutafuta katoni. Mama mukwe bado. Anasema hao Wamarekani pia walikuwa na wachawi wao.

Papa kine nina maswali. Moja, nilisikia ya kioo, dada mumoja wa kanisa anasema kuna video mutu anaangalia mukono wake kwa kioo maumivu inashuka, ni kweli ao ni mambo ya YouTube? Mbili, farmasi mumoja hapa ananiuzia prednisoloni eti ni ya algo. Tatu, docta kijana aliandika pia vitamini C, nimeze ao? Ine, nina nguo za harusi za wateja, robo tatu zimekatwa, batu wananipigia. Nifanye nini na kazi?

Kine_Bukavu

Kwanza kaka wa Katuba, asante, na uko sawa. Nisome vizuri: sikusema inapona kwa wote. Wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza, zaidi wale walioanza kujisogeza mapema, na kuna wanaobaki na maumivu hata wakifanya kila kitu sawasawa. Mgonjwa asilaumiwe kwa hilo. Aina ya pili yenye mshipa uliokatika ni ngumu zaidi kwa mikono yangu pia.

Kioo ni kweli, si cha YouTube tu, tunakitumia hospitalini. Dada wewe ni mshonaji, lazima uko na kile kioo kirefu cha wateja kujiangalia nguo. Kilaze kwa ubavu juu ya meza, kisimame katikati yako, uso wake ukielekea mkono wa kushoto, ule mzima. Mkono mgonjwa uuweke nyuma ya kioo usiuone kabisa. Vua pete, saa na bangili kwa mkono mzima, juu ukiona pete ambayo ule mwingine hauna, ubongo unagundua udanganyifu. Halafu unaangalia ndani ya kioo, unafungua na kufunga ule wa kushoto polepole, macho yako yanaona mkono wa kuume unatembea bila shida. Ule uliojificha usiulazimishe, ukitaka kufuata wenyewe ufuate. Dakika tano hivi, mara kadhaa kwa siku. Kuna watu kwa mara ya kwanza wanasikia kizunguzungu ama maumivu yanapanda, ikiwa hivyo rudi nyuma hatua moja, angalia picha za mikono kwa simu tu, sema kwa haraka huu wa kushoto huu wa kuume, kisha fikiria kuusogeza bila kuusogeza, kioo kije baadaye. Inaonekana mchezo wa watoto, najua.

Prednisoloni: kuna madocta wanaitoa kwa muda mfupi, ugonjwa ukiwa bado mpya na mkono una joto na uvimbe, na inasaidia baadhi ya watu. Lakini si ya kununua dirishani. Inapandisha sukari na presha, inasumbua tumbo, na uchafu ukiwa ndani ya mwili inaufungulia mlango. Nenda kwa yule docta kijana na swali hilo, mwambie pia kuna dawa za mifupa, alendronati ama pamidronati, ambazo zimejaribiwa kwa algo ya mwanzo na kuna waliopata nafuu. Hizo nazo ziko na masharti, figo ziangaliwe, na ukiwa na mimba ama unaitafuta umwambie. Amitriptilini ya mama wa Kadutu ni ya kuzungumza naye vilevile.

Vitamini C ilichunguzwa kule Uholanzi kwa watu waliovunjika kifundo cha mkono, miligramu 500 kwa siku kwa siku 50 tangu siku ya kuvunjika, ili algo isije. Wataalamu bado wanabishana kama inafanya kazi. Kwako algo imeshafika, kwa hiyo usinyime nyumba pesa ya chakula juu yake, kula machungwa na mapera.

Kampala: isubiri. Wale wa kule ukifika bila kine watakuambia anza kine. Fanya miezi miwili mitatu ya kazi ya kweli hapo Goma, na kama hakuna kinachosogea, ama unarudi nyuma, hapo omba karatasi ya docta inayosema nini kimejaribiwa, na mashine itazungumziwa siku hiyo. Mtu anayesafiri na karatasi nzuri hapotezi pesa kwenye radio zilezile.

Nguo za harusi sasa. Uko na mwanafunzi wa kushona?

MshonajiNdosho (Goma)

Niko nao babili, mumoja anakata muzuri, mwingine bado anaharibu.

Kine_Bukavu

Basi yule wa kukata akate. Wewe keti kwenye Singer ya miguu, miguu yako inafanya kazi, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, ule wa kuume uuweke juu ya kitambaa utembee nacho tu, bila kushika kwa nguvu. Mishono mirefu iliyonyooka, marinda na kola achana nayo. Fanya kidogo, simama, zungusha mabega, rudi. Ukiona mkono umekuwa mwekundu na umevimba usiku ule, kesho yake punguza nusu, usiache kabisa. Na mwambie mama mkwe kama anataka kusaidia, akuoshee vyombo, maji ya baridi asubuhi yasikuguse sasa.

Motari_wa_Birere (Goma)

Papa kine nimesoma, tramadoli nimeifuta. Dada, siku ya kwenda kwa kine andika hapa, nitakupeleka bure, nitapitia kwenye lami hata kama ni mzunguko.